Urafiki wa Kambini na Siri ya Kudumu Kwake

Mwezi wa Juni mwaka 2022 baba yangu mzazi alipatwa na kiharusi. Alikuwa na umri wa miaka 67. Mkono na mguu wa kulia vilipooza, na yeye ambaye alikuwa amefundisha hesabu kwa zaidi ya miaka 30 akawa hapati maneno ila "ndiyo" na "siyo", na mara nyingine hata hayo yalimtoka kinyume cha alivyokusudia. Baada ya majuma matatu hospitalini tulimrudisha nyumbani Tukuyu.

Siku ya nne akafika mgeni ambaye hatukumtazamia: mzee mwembamba, mwenye dumu la mawese mkononi, aliyesafiri kwa basi siku mbili kutoka Kasulu. Sisi watoto humwita Baba Mdogo, ingawa yeye ni Muha nasi ni Wanyakyusa, wala hakuna damu inayotuunganisha. Siku hiyo hakubisha hodi kama ilivyo ada ya wageni. Alisimama mlangoni, akaunganisha visigino, akapaza sauti: "Kuruta! Paredi!" Baba akageuza kichwa na kujibu kwa sauti iliyosikika hadi jikoni: "Tayari, afande!" Kisha wakacheka wote wawili.

Nisije nikaeleweka vibaya: jibu lile halikuwa muujiza. Tangu karne ya 19 wataalamu wa ubongo wamefahamu kwamba mgonjwa aliyepotewa na usemi huweza bado kutamka salamu, viapo, na maneno aliyoyazoea mno, hata pale anaposhindwa kuunda sentensi mpya. Kilichonishangaza mimi ni safari ile. Wazee hawa walikutana mwezi wa Januari mwaka 1976 katika kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa ya Mafinga, mkoani Iringa. Walikaa pamoja muda wa mwaka mmoja. Baada ya hapo mmoja akawa mwalimu na mwingine bwana shamba, na hawakupata tena kuishi katika mji mmoja. Je, mwaka mmoja wa ujana unawezaje kuzaa urafiki wa miaka 46, hali wengi wetu tumefanya kazi na watu kwa miaka kumi na tukiachana nao hatukumbuki hata majina ya watoto wao?

Swali hili ni la kisayansi, na majibu yake yamekuwa yakikusanywa kidogo kidogo kwa zaidi ya miaka 70. Katika makala haya nitajaribu kueleza yale yaliyokwisha kufahamika, na pia mipaka yake.

Kambi na watu wake

Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Hapo mwanzo lilikuwa la vijana wa kujitolea. Mwaka 1966 Serikali ilitangaza kuwa vijana waliomaliza masomo ya juu watalazimika kulitumikia taifa kwa miaka miwili, na kwamba sehemu kubwa ya muda huo watafanya kazi zao kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi wa Chuo Kikuu hapo Dar es Salaam walipinga. Tarehe 22 Oktoba 1966 waliandamana, na mamia kati yao wakarudishwa makwao. Basi msomaji asidhani kuwa watu wote waliingia kambini kwa furaha. Baadaye, Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipoagiza kuwa vijana wa kidato cha sita wasiende Chuo Kikuu moja kwa moja bali wapitie kwanza Jeshi la Kujenga Taifa na kazini, baba yangu na mwenzake wakawa miongoni mwa waliokumbwa na utaratibu huo. Utumishi wa lazima ulisimamishwa mwaka 1994, ukarejeshwa mwaka 2013. Mimi nilimaliza kidato cha sita katikati ya kipindi hicho cha kusimama, kwa hiyo sikupata kuvaa sare.

Nayataja haya ili ifahamike kuwa urafiki ninaouzungumzia haukuota katika udongo uliochaguliwa na wahusika. Hawakuomba kukutana. Walikusanywa. Na hapo ndipo penye jambo la kwanza la kuzingatiwa.

Herufi M

Majina ya wazee hawa wawili yote yanaanza kwa herufi M. Siku ya kuandikishwa walipangwa kwa alfabeti, wakawa mmoja nyuma ya mwingine. Kwa sababu hiyo walipewa vitanda jirani katika hanga moja, wakasimama bega kwa bega katika kwata, na wakapangwa pamoja katika fatiki. Baba huamini kuwa Mungu ndiye aliyewakutanisha. Mimi husema ni herufi M. Sioni ugomvi kati ya maelezo hayo mawili.

Mwaka 1974 mtaalamu wa elimu ya jamii wa Marekani, Mady Segal, alichapisha uchunguzi alioufanya miongoni mwa makuruta wa polisi wa jimbo la Maryland. Nao walikuwa wamepangiwa vyumba na viti vya darasani kwa kufuata alfabeti. Baada ya muda aliwauliza kila mmoja ataje rafiki zake wa karibu katika kundi lile. Ikaonekana kuwa kilichobashiri urafiki kwa nguvu zaidi hakikuwa dini, wala umri, wala mambo ambayo mtu hupenda kuyafanya wakati wa mapumziko, bali ukaribu wa majina yao katika alfabeti.

Jambo hili lilikuwa limekwisha kudokezwa mwaka 1950 na Leon Festinger na wenzake wawili, waliochunguza nyumba za wanafunzi wenye ndoa katika chuo cha ufundi cha Massachusetts. Wengi wa wanafunzi hao walikuwa wametoka vitani. Wapangaji ambao milango yao ilipakana walitajana kuwa marafiki kwa kiasi cha asilimia 41. Waliokaa ncha mbili za ushoroba mmoja walitajana kwa asilimia 10 tu, ingawa umbali kati yao ulikuwa wa hatua chache. Binadamu hupenda kufikiri kwamba huchagua rafiki kwa hekima yake. Kumbe mara nyingi mlango humchagulia, naye huja kutafuta sababu baadaye.

Bila shaka ukaribu peke yake hautoshi, maana hata maadui huweza kupakana. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Gordon Allport alieleza kuwa watu wa makundi yenye kutiliana shaka huweza kupatana wakikutanishwa, iwapo masharti manne yametimizwa: wawe sawa kwa hadhi, wawe na lengo moja, washirikiane katika kulifikia, na wenye mamlaka waunge mkono mapatano hayo. Mwaka 2006 Thomas Pettigrew na Linda Tropp walikusanya matokeo ya chunguzi 515 kuhusu jambo hilo, wakaona kuwa kwa jumla kukutana hupunguza chuki, na kwamba masharti ya Allport huzidisha faida hiyo.

Msomaji aliyepita kambini atayatambua masharti hayo mara moja. Mtoto wa mkurugenzi na mtoto wa mkulima hunyolewa kipara kimoja, huvaa sare moja, hula ugali wa sufuria moja, na hulima shamba moja. Muha na Mnyakyusa ambao lugha zao hazielewani huzungumza Kiswahili, ambacho hakimpi yeyote kati yao ubwana juu ya mwenzake.

Hesabu ya saa

Jambo la pili ni muda. Mwaka 2018 mtafiti Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alitoa makisio ya saa zinazohitajika ili watu wawili wasiojuana wawe marafiki. Kwa watu aliowachunguza, ilichukua takriban saa 50 kutoka hali ya kujuana tu hadi urafiki wa kawaida, takriban saa 90 kufikia urafiki hasa, na zaidi ya saa 200 kufikia urafiki wa karibu. Hall aliona pia kuwa saa za kufanya kazi pamoja hazina uzito sawa na saa za maongezi na mapumziko. Hesabu hizi zimetokana na Wamarekani, na haifai kuzitumia kama vile ni sheria ya maumbile. Lakini zinatusaidia kuona tofauti.

Tuchukue kwamba makuruta wawili hupata saa tatu za maongezi kila jioni, baada ya chakula na kabla ya kulala. Watatimiza saa 200 katika siku 67, yaani miezi miwili na siku chache. Sasa tuwachukue wafanyakazi wawili wa mjini ambao hukutana nje ya kazi saa mbili kwa juma. Wao watahitaji majuma 100, karibu miaka miwili, tena iwapo hawatakosa hata juma moja. Huu ndio ukweli ulio nyuma ya msemo wa wazee kwamba kambini mtu hujulikana upesi. Si kwamba kambi ina uchawi. Kambi hukusanya katika miezi saa ambazo maisha ya kawaida huzitawanya katika miaka.

Nililifahamu jambo hili kwa njia nyingine nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu Ulaya. Kwa miaka minne niliishi katika jengo lenye vyumba vingi, na jirani zangu walikuwa watu waungwana. Tulisalimiana kila asubuhi. Nikijumlisha salamu zote hizo hazifiki saa 10. Nilipoondoka hapakuwa na mtu wa kumwandikia barua.

Mchakamchaka

Jambo la tatu ni mwendo. Mwanahistoria wa Marekani William McNeill aliingizwa jeshini mwaka 1941 na kupata mafunzo yake jimboni Texas. Silaha zilikuwa chache, kwa hiyo makuruta walishindishwa kwata uwanjani saa nyingi. McNeill aliona kazi hiyo haina maana yoyote kwa vita vya kisasa, na hata hivyo alishangaa kuhisi raha ya ajabu, kana kwamba mwili wake umepanuka na kuwa sehemu ya kitu kikubwa kuliko yeye. Alikaa na mshangao huo kwa zaidi ya miaka 50, na mwaka 1995 akatoa kitabu kizima juu ya ngoma na kwata katika historia ya binadamu. Hoja yake ni kwamba watu wanaojongea pamoja kwa mpigo mmoja huunganishwa na mwendo huo hata kabla ya kusemezana.

Wataalamu wa saikolojia wamelijaribu wazo hili katika maabara. Mwaka 2009 Scott Wiltermuth na Chip Heath wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwatembeza watu watatu watatu. Baadhi ya makundi yalikwenda kwa hatua moja, mengine kila mtu kwa mwendo wake. Kisha wote walicheza mchezo ambao mtu hupata faida akiwaamini wenzake, na hupata hasara wenzake wasipomwunga mkono. Waliotembea kwa hatua moja walishirikiana zaidi.

Mwaka uliofuata, watafiti wa Oxford wakiongozwa na Emma Cohen waliwapima wapiga makasia 12 wa chuo hicho waliofanya mazoezi juu ya mashine, mara nyingine peke yao na mara nyingine pamoja. Baada ya mazoezi mkono wa kila mmoja ulikazwa kwa kitambaa cha kupimia shinikizo la damu, hadi aseme kuwa anaumia. Walipokuwa wamefanya mazoezi pamoja walistahimili maumivu zaidi, ijapokuwa nguvu waliyotumia ilikuwa ile ile. Watafiti hao wanadhani kuwa chanzo ni endorfini, yaani kemikali ambazo ubongo hujitengenezea na ambazo hutuliza maumivu na kuleta raha kwa namna inayofanana na kasumba. Hata hivyo hawakupima endorfini zenyewe, na watu 12 ni wachache. Tuseme basi kuwa ni dalili nzuri, si ushahidi wa mwisho.

Nadhani hakuna mahali pazuri pa kuendeleza uchunguzi huu kuliko kwetu. Mchakamchaka ni hatua moja, pumzi moja, na wimbo mmoja wa kuongoza na kuitikia, alfajiri, kwa watu 100 kwa pamoja. Maabara za ng'ambo hutenganisha vitu hivyo ili zivipime kimoja kimoja. Kuruta wa Mafinga alivipata vyote kabla ya uji wa asubuhi.

Dhiki ya pamoja

Jambo la nne ndilo linalotajwa zaidi, nalo ni dhiki. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Katika matembezi marefu ya mwezi wa tatu wa mafunzo, baba alichubuka kisigino hadi akawa anachechemea. Mwenzake alichukua jembe na mzigo wake, akavibeba pamoja na vyake maili zilizobaki. Hakusema neno. Walipofika, akamrudishia jembe na kumwambia, "Kesho zamu yako." Habari hii nimeisikia mara nyingi tangu utotoni, na kila mmoja wa wazee hawa hudai kuwa mwenzake ndiye aliyebeba zaidi mwaka ule.

Mwaka 2014 Brock Bastian na wenzake nchini Australia walijaribu kutenganisha maumivu na mambo mengine yote. Waliwaita watu wasiojuana, wakawapanga katika makundi madogo. Baadhi walitumbukiza mikono katika maji ya barafu na kuchuchumaa kwa muda mrefu, na katika jaribio jingine walitafuna pilipili kali. Wengine walipewa kazi kama hizo zisizo na maumivu. Walioumia pamoja walijihisi kuwa karibu zaidi, na katika mchezo wa fedha walishirikiana zaidi. Dakika chache za pilipili hazifanani na mwaka wa kambi, lakini mwelekeo ni ule ule.

Uchunguzi ulionigusa zaidi ni wa Glen Elder na Elizabeth Clipp, uliochapishwa mwaka 1988. Wao walifuatilia maisha ya wanaume wa Marekani waliopigana katika Vita Kuu ya Pili na katika vita vya Korea. Walitaka kujua ni nani kati yao bado ana uhusiano na wenzake wa jeshini baada ya miaka 40 hivi. Waliona kuwa waliopatwa na misiba vikosini mwao, yaani waliozika wenzao, ndio waliodumisha uhusiano huo zaidi. Waliobaki walibaki pia kuwa walinzi wa kumbukumbu za waliokufa.

Hapa yatupasa kupambanua. Dhiki ya pamoja ni ile inayowapata wote kwa kipimo kimoja, na ambayo kila mtu anaweza kumpunguzia mwenzake. Uonevu ni jambo jingine. Anayedhalilishwa mbele ya wenzake hana mwenzi katika dhiki yake, na yeyote anayehalalisha mateso kambini kwa kisingizio cha kujenga umoja hana sayansi ya kuegemea.

Mila zetu zilijua

Msomaji atauliza: je, wazee wetu hawakuyajua haya? Waliyajua. Miongoni mwa Wamaasai, vijana waliotahiriwa katika kipindi kimoja huwa rika moja maisha yao yote, na mtu humpokea mwenzake wa rika kwa heshima ya ndugu hata kama hawajapata kuonana. Jando la pwani na la bara liliwatoa vijana majumbani, likawaweka pamoja, likawapa maumivu mamoja na nyimbo moja. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki zilikuwa na desturi ya kuchanjana, ambapo watu wawili wasio ndugu walionja damu zao wakawa ndugu. Hata utani una mizizi ya namna hiyo. Wangoni na Wahehe walipigana vikali katika karne ya 19, na leo ni watani wanaozikana.

Ukaribu, muda, mwendo mmoja na dhiki ya pamoja: haya ndiyo mambo ambayo taasisi hizo zote zilikusanya, kila moja kwa kadiri yake. Jeshi si mwasisi wake. Limeyarithi tu.

Upande wa pili wa sarafu

Itakuwa kosa kumaliza bila kutaja hatari. Mwaka 1948 Edward Shils na Morris Janowitz walieleza kuwa askari wengi wa Ujerumani ya Hitler waliendelea kupigana hata pale ushindi ulipokuwa umekwisha kupotea, si kwa imani ya chama, bali kwa sababu hawakutaka kuwaacha wenzao wa kikosini. Mwanahistoria Omer Bartov alipinga maelezo hayo mwaka 1991. Alionyesha kuwa katika medani za mashariki vikosi viliangamia upesi mno hata wenzi wasipate kuzoeana, na kwamba mafundisho ya chuki yalikuwa na nguvu kubwa. Mjadala huo haujafungwa. Hata hivyo pande zote mbili zinatufundisha kwamba wema wa urafiki hautakasi kazi ambayo marafiki wanatumwa kuifanya.

Nguvu ya mfungamano huo yaweza pia kushinda ile ya nyumbani. Harvey Whitehouse na wenzake walipowahoji wapiganaji 179 wa mapinduzi ya Libya ya mwaka 2011, waliwataka waseme ni kundi lipi wameungana nalo zaidi: jamaa zao au wenzao wa kikosi. Kati ya waliokuwa mstari wa mbele, asilimia 45 walichagua kikosi. Bila shaka wake na mama za wapiganaji hao wana lao la kusema.

Tena tusidanganywe na mifano mizuri. Sisi husikia habari za marafiki waliodumu kwa sababu wamedumu. Waliosahauliana hawana habari ya kusimulia. Mwaka jana, baada ya usemi wa baba kurudi kiasi, nilimwuliza katika kombania yao walikuwa wangapi. Akasema zaidi ya 100. Nikamwuliza ni wangapi anaojua walipo leo. Akainua vidole vinne.

Moto huhitaji kuni

Vidole vile vinne vinatuleta kwenye jambo ambalo kambi haiwezi kumfanyia mtu. Kambi huwasha moto, lakini kuni huletwa na wenyewe. Sam Roberts na Robin Dunbar waliwafuatilia vijana wa Uingereza kwa miezi 18 tangu walipomaliza shule na kutawanyika. Urafiki ambao haukutunzwa ulififia upesi, ilhali uhusiano na jamaa ulivumilia zaidi. Tena njia za kutunza zilitofautiana: kwa wasichana maongezi ndiyo yaliyosaidia zaidi, kwa wavulana ni kufanya jambo pamoja.

Baba na mwenzake hawakuwa na nadharia hiyo, lakini walikuwa na anwani za posta. Waliandikiana barua mbili au tatu kwa mwaka tangu 1977, hadi simu za mkononi zilipowafikia. Mwenzake alikuja kwenye harusi ya dada yangu na kwenye msiba wa bibi yangu. Baba naye alikwenda Kasulu mara tatu, na mara moja kati ya hizo walipaua pamoja nyumba ya mwenyeji wake.

Sasa, faida yake nini? Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya chunguzi 148 zilizohusu watu 308,849. Wenye uhusiano imara na watu wengine walikuwa na nafasi ya kuendelea kuishi iliyo kubwa kwa asilimia 50 kuliko wale ambao uhusiano wao ulikuwa dhaifu. Takwimu za namna hii haziwezi kutueleza ni kwa nini mtu fulani amepona. Siwezi kudai kuwa mgeni wa Kasulu alimponya baba yangu. Alikaa siku tisa. Kila asubuhi alimshika kiwiko, wakatembea uani kwa hesabu ya kwata, kushoto, kulia, kushoto, kulia, na baba, aliyekuwa amekataa mazoezi tuliyoagizwa na hospitali tumfanyishe, hakukataa haya.

Basi hili ndilo ninalotaka msomaji aondoke nalo. Wengi husema kuwa urafiki wa jeshini ni wa ajabu, usioweza kupatikana penginepo. Ushahidi nilioutaja hausemi hivyo. Unasema kuwa urafiki huo hujengwa kwa vitu vinne vya kawaida, ambavyo kambi huvikusanya kwa lazima, na ambavyo kwaya, timu ya mpira, bweni la shule, ujima wa kijijini na kikundi cha uzazi huweza kuvikusanya kwa hiari. Maisha ya leo huvitawanya. Kijana anayehama chumba kila baada ya miezi sita, anayefanya kazi peke yake na kula peke yake, hana upungufu wa tabia njema. Ana upungufu wa mlango jirani, wa saa, wa hatua moja, na wa mzigo wa kupokezana.

Na kwa wale ambao tayari wanao wenzi wa namna hiyo, kazi ni nyepesi zaidi. Kila Jumapili saa kumi jioni simu ya baba hulia. Mazungumzo huwa mafupi, kwa kuwa maneno yake bado ni machache. Mwenzake humwuliza kama ametembea. Baba hujibu, "Nimetembea, afande." Kisha humwuliza kama mguu umeuma, na baba hucheka na kumwambia abebe jembe.